Roboti ya kujigeuza: kwa nini moja ni elfu kumi na nyingine ni mamilioni

Kila picha ya roboti ya zamani ya Transformers inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na bei ya mamilioni ya shilingi, maoni huwa yale yale. Mmoja atasema watu wana hela za kuchezea. Mwingine atasema ya kwake ipo stoo, alimnunulia mwanawe Kariakoo kwa elfu kumi, mnunuzi ajitokeze. Halafu anatokea wa tatu na swali lenye kichwa na miguu: hivi hizo bei hupimwaje?

Hupimwa kwa maswali matatu, na mpangilio wake una maana. Ni ipi hasa? Imekamilika? Ina hali gani? Wengi huanza na la tatu kwa sababu ndilo jicho linaloliona kwanza: inang'aa, haijavunjika, basi itakuwa ya thamani. Hapo ndipo wanapopigwa.

Kwanza maneno yenyewe. Roboti ya kujigeuza ni mdoli wenye maumbo mawili ndani ya mwili mmoja: umbo la mtu wa chuma, na umbo la kitu kingine, mara nyingi gari, ndege au silaha. Kuigeuza ni kukunja, kuzungusha na kuchomeka sehemu zile zile bila kufungua skrubu. Kalibu ni chombo cha chuma ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ili itoke na sura ya kipande kinachotakiwa. Kalibu moja inaweza kutoa maelfu ya roboti kwa miaka mingi, kwa rangi na majina tofauti. Toleo ni kila awamu ambayo kalibu hiyo iliingiza bidhaa sokoni. Mtu akishindwa kutenganisha kalibu na toleo, hesabu yake yote ya bei itakwenda kombo.

Mwaka uliochongwa mgongoni

Roboti hizi zilikuwepo kabla ya jina Transformers. Kampuni ya Takara ya Japani ilianza kuuza Microman mwaka 1974, watu wadogo wenye viungo vya kukunjika. Mwaka 1980 ikaja Diaclone, magari na mashine zilizoendeshwa na marubani wadogo wenye sumaku miguuni. Baadaye ukoo wa Microman ukazaa Micro Change, yaani vitu vya nyumbani vilivyogeuka roboti: redio ya kaseti, bastola, hadubini. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ikaziona, ikachukua haki ya kuziuza, ikazikusanya chini ya jina moja na kuziingiza sokoni mwaka 1984. Majina na tabia zao vilitungwa Marekani, kwenye kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel. Denny O'Neil ndiye aliyemwita kiongozi wao Optimus Prime, na Bob Budiansky akawapa majina wengi waliobaki.

Ndiyo maana baadhi ya magari ya 1984 ukifungua mlango unakuta kiti kidogo cha dereva. Katika hadithi ya Transformers gari lenyewe ndilo kiumbe hai, dereva hahitajiki. Kiti kilibaki kwa sababu kalibu ilikuwa ya Diaclone na hakuna aliyegharamia kuibadilisha.

Na ndiyo maana pia chini ya mguu au mgongoni mwa roboti nyingi za zamani kuna maandishi kama "1974, 1983 Takara Japan". Muuzaji asiyejua huandika kwa herufi kubwa: MDOLI WA MWAKA 1974! Sivyo. Hiyo ni miaka ya hakimiliki. 1974 ni mwaka ukoo wa Microman ulipoanza, 1983 ni mwaka roboti hiyo ilipobuniwa. Yenyewe inaweza kuwa ilitoka kiwandani 1984, 1985, au hata miaka ishirini baadaye, kwa sababu kalibu ikirudi kazini maandishi hurudi nayo. Mwaka uliochongwa unakuambia umri wa ubunifu. Umri wa kipande ulichokishika unautafuta kwingine.

Kwingine wapi? Kwenye stika, boksi, rangi ya plastiki na tofauti ndogo za umbo. Kuanzia 1985 Hasbro walibandika kijistika cheusi cha mraba kinachohisi joto. Ukikisugua kwa kidole, sura ya Autobot (roboti wema wa hadithi) au ya Decepticon (wabaya wao) hujitokeza. Kiliwekwa makusudi ili mnunuzi atofautishe bidhaa yao na roboti za washindani na za kuiga zilizokuwa zimejaa madukani. Wapo wanaodhani roboti isiyo na stika hiyo ni feki, lakini zile za mwanzo kabisa, za 1984, hazikuwa nayo. Kwa hiyo kukosekana kwake kunaweza kuwa habari mbaya, na kunaweza kuwa habari njema sana. Ndiyo sababu swali la kwanza ni "ipi hasa".

Makundi manne yanayofanana kwa sura

Chukua Optimus Prime, lori jekundu lenye trela ya kijivu. Leo sokoni kuna angalau aina nne za kitu ambacho mtu wa kawaida ataziita kwa jina moja.

Ya kwanza ni ya asili, ya miaka ya 1980. Ya pili ni toleo la kurudiwa: kampuni zile zile zilirudisha kalibu kazini, Takara kuanzia mwaka 2000, na Hasbro kupitia maduka ya Marekani ya Toys "R" Us mwaka 2002 na Walmart mwaka 2018. Hizi ni halali kabisa, na nyingine ni nzuri kuliko za asili kwa sababu plastiki yake bado changa, ila bei yake haikaribii. Ile ya 2002 hutambulika hata na asiye mtaalamu: dohani za moshi za lori zilifupishwa ili zisimchome mtoto. Ukiona dohani fupi na muuzaji anaapa ni ya 1984, mwenye macho haambiwi tazama.

Aina ya tatu inawachanganya hata wazoefu. Kuna kampuni, nyingi zikiwa China, zinazobuni roboti zao wenyewe kwa sura ya wahusika wa Transformers bila kibali cha Hasbro wala Takara Tomy (Takara iliungana na Tomy mwaka 2006). Ubunifu ni wao, kalibu ni yao, kazi huwa safi na bei huwa juu. Huziuza kwa majina ya kuzunguka ili kukwepa wenye haki. Kisheria hazina miguu ya kusimamia, lakini mkusanyaji haziiti feki, kwa sababu hazijanakili kipande cha mtu.

Ya nne ndiyo kopi. Mtu amechukua roboti rasmi, akapima vipande, akachonga kalibu inayofanana, wakati mwingine akaikuza au kuipunguza. Humo mna ya elfu kumi ya Kariakoo inayovunjika bega siku ya pili, na mna kopi zilizotengenezwa kwa makini. Mfano mashuhuri ni wa MP-10, yaani Optimus Prime wa ukoo wa Masterpiece, wa wakusanyaji watu wazima, aliyetolewa Japani mwaka 2011, mwenye urefu wa karibu sentimita 25. Ilitoka kopi yake iliyokuzwa na kutiwa chuma zaidi, nzito mkononi kuliko ile rasmi. Kwa hiyo ule msemo wa vijiweni kwamba "original ina uzito" tuuache hapa hapa. Chuma kilikuwepo kwenye roboti nyingi za mwanzo, ni kweli, lakini kilipunguzwa na wenyewe kadiri miaka ilivyokwenda, na anayenakili naye anajua kwamba watu hupima kwa kiganja.

Ngumi mbili ndogo

Ukishajua ni ipi, sasa hesabu vipande. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea au kupatikana, na hapa ndipo muuzaji wa mitumba huumia bila kujua.

Optimus Prime wa 1984 akigeuka lori, mikono yake hubaki bila viganja. Ngumi ni vipande viwili vya bluu, kila kimoja kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, ambavyo hung'olewa na kuwekwa pembeni. Fikiria mtoto wa miaka sita, sebuleni, mwaka 1985. Zile ngumi ziliishia chini ya makochi na kwenye mifuko ya mashine za kufagilia. Mbali na ngumi kuna bunduki nyeusi, kuna Roller ambaye ni kigari kidogo kinachoishi ndani ya trela, kuna bomba la mafuta lenye mpira wake, kuna makombora madogo ya kufyatua. Kichwa cha lori na mwili mzima vikiwepo lakini ngumi na bunduki hakuna, bei hushuka vibaya. Vipande vyenyewe huuzwa kimoja kimoja mtandaoni, na wapo wanaoishi kwa biashara hiyo.

Tatizo ni kwamba vipande vya kuiga navyo vimejaa. Ngumi ya kopi ikichomekwa kwenye mwili wa asili haina kosa lolote kwa anayetaka kupamba kabati lake. Kosa ni kuiuza kama ya asili. Dalili zake ni bluu iliyopauka au iliyokolea kuliko sehemu nyingine za bluu mwilini, kingo zisizokatwa safi, na kukaa kwa kubana mno au kwa kulegea. Stika vilevile. Siku hizi huchapishwa upya kwa ubora unaoshinda za zamani, na roboti yenye stika mpya hupendeza, lakini anayenunua kama kumbukumbu ya 1984 ana haki ya kuambiwa.

Kisha karatasi: maelekezo ya kugeuza, kadi ya sifa za mhusika iliyochapishwa nyuma ya boksi kwa ajili ya kukatwa, kitanda cha plastiki au cha povu kilichoishikilia roboti. Hasbro walichapisha kwenye maboksi alama za kukusanya ambazo watoto walizikata na kuzituma kwa posta ili kuagiza roboti nyingine. Matokeo yake maboksi mengi ya enzi hizo yana matundu ya mkasi. Boksi lisilo na tundu ni adimu kwa sababu tu kulikuwa na mtoto ambaye hakufuata maelekezo.

Plastiki inayozeeka

Sasa twende kwenye hali, swali ambalo wengi hulianzia. Nitalikalia, maana limejaa imani zisizo na mguu.

Jambo la kwanza la kushika ni viungo. Shika roboti kiunoni, ielekeze upande, uitikise kidogo. Mikono ikianguka yenyewe, viungo vimelegea. Viungo vya tufe ndani ya kikombe hulegea kwa msuguano. Wakusanyaji huvikaza kwa kupaka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi na kuliacha likauke kabisa kabla ya kurudisha. Viungo vya meno, vile vinavyolia tik-tik, vikilegea ni habari nyingine, meno yameliwa na hakuna rangi ya kucha itakayoyarudisha. Angalia pia palipopita pini za chuma. Ukiona mstari mweupe kama unywele kwenye plastiki, hapo kuna ufa unaojiandaa. Usiigeuze roboti hiyo mbele ya mwenyewe.

Kwa wanaoishi pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, pini na springi zina adui wa ziada, hewa ya chumvi. Kutu ikianza ndani ya kiungo huacha doa la kahawia kwenye plastiki inayoizunguka. Vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo sote tunavitupa, vina kazi kabatini. Na ukikuta roboti yenye tundu la betri, kama Galvatron wa 1986 mwenye taa na sauti, fungua kifuniko kabla ya kutoa hela. Unga mweupe au wa kijani humo ndani ni betri iliyovuja, na huenda waya zimeshaliwa.

Halafu kuna unjano. Plastiki nyeupe na ya kijivu hafifu hubadilika kuwa rangi ya meno ya mvutaji. Maarufu kwa ugonjwa huu ni Jetfire wa 1985, ndege nyeupe ambayo kalibu yake haikutoka Takara kabisa. Ilikuwa ya kampuni ya Takatoku, iliyotengeneza ndege za katuni ya Macross. Jetfire mweupe kweli kweli ni nadra kumwona. Mwanga wa jua huharakisha kazi hiyo, joto na hewa navyo husaidia, na dawa zilizochanganywa kwenye plastiki ili isishike moto haraka hutajwa kama chanzo kimojawapo. Ndiyo maana hata roboti iliyofungiwa gizani inaweza kutoka na ubavu wa njano. Wapo wanaoirudishia weupe kwa hidrojeni peroksaidi na mwanga mkali. Inafanya kazi. Lakini unjano huweza kurudi, na dawa ikikaa visivyo huacha mabaka. Mimi ningenunua iliyo njano kwa bei ya njano kuliko iliyosafishwa kwa bei ya nyeupe.

Lililo baya zaidi ya yote ni la plastiki yenye chembe za dhahabu. Kuna aina ya plastiki ambayo unga wa kung'aa ulichanganywa ndani yake badala ya kupakwa juu. Miaka ikipita, plastiki hiyo hukosa nguvu na kuvunjika kama biskuti, mara nyingine kwa kuguswa tu. Black Zarak, iliyotoka Japani mwaka 1988, ni mfano unaowatia wakusanyaji uchungu, kwa kuwa ni adimu, ni ya bei kubwa na inaoza. Kufungwa kwenye boksi hakuiokoi. Hapa ndipo imani ya "haijafunguliwa, kwa hiyo ni kama mpya" inapofia, maana ugonjwa umo ndani ya plastiki yenyewe. Hata kwenye roboti nzima, tairi laini likikaa miaka thelathini limeegemea plastiki ngumu au povu, huacha alama ya kuyeyuka. Boksi lililofungwa linakuhakikishia kwamba hakuna mtoto aliyechezea. Haliwezi kukuhakikishia zaidi ya hapo.

Krome, ile rangi inayong'aa kama kioo, ni utando mwembamba sana wa metali juu ya plastiki. Ikikwaruzika imekwaruzika, na ukiisugua kwa kitambaa ukidhani unaisafisha, unaimalizia.

Namba kwenye kasha la plastiki

Zipo kampuni zinazopokea roboti, kuikagua, kuipa alama na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. Inayotajwa zaidi ni AFA ya Marekani, na alama zake hufikia 100. Ukiona 85 mtandaoni, wauzaji huitaja kwa fahari.

Aliyewahi kuagiza gari lililotumika kutoka Japani anaijua karatasi ya mnada. Juu kuna namba, 4.5 au 4 au 3.5, au herufi R kwa gari lililopata ajali likatengenezwa. Anayeanza huangalia namba hiyo tu. Fundi huangalia mchoro wa gari pale chini, wenye A1 kwa mkwaruzo mdogo na U kwa bonde na W kwa palipopakwa rangi upya, kisha anaamua mwenyewe kama 4 hiyo ni ya kwake. Alama ya roboti ni hivyo hivyo. Mbili zinaweza kupata alama moja, moja ikishushwa na boksi lililobonyea kona, nyingine na rangi iliyopauka kwa jua. Anayetaka kupamba boksi na anayetaka kuifungua hawapaswi kulipa sawa, ingawa namba ni ile ile. Na kasha lenyewe halizuii plastiki kuzeeka, limeifungia tu na uzee wake.

Na hizi mpya je?

Si kila mkusanyaji anawinda za 1984. Wengi hukusanya mpya, na huko vigezo hubadilika, maana uadimu unaondoka na ufundi unakuja mbele.

Hasbro hugawa roboti zake kwa madaraja ya ukubwa: Core ni takribani sentimita 9, Deluxe 14, Voyager karibu 18, na Leader ni kubwa kuliko hizo. Daraja huamua bajeti ya plastiki na rangi, kwa hiyo kumlaumu Deluxe kwa kukosa vidole ni kumwonea. Masterpiece ni ukoo wa pembeni, wa wakusanyaji watu wazima, ulioanza Japani mwaka 2003 na Optimus Prime wa karibu sentimita 30 mwenye chuma kingi na matairi ya mpira.

Kwenye boksi za Hasbro huandikwa roboti hugeuka kwa hatua ngapi. Usidanganywe na namba hiyo. Hatua nyingi zinaweza kumaanisha ubunifu, na zinaweza kumaanisha mbunifu alikwama akaongeza bawaba. Kinachopimwa ni hiki: likiwa gari, je, mikono na kichwa vimejificha, au ukilipindua unakuta mtu amelala kifudifudi? Likiwa roboti, mlango na boneti vimekwenda wapi? Vikining'inia mgongoni kama begi la mwanafunzi wa bweni, kiuno kitaelemewa na roboti itaanguka kinyumenyume kabatini. Vipande vya mwili wa gari vinakutana bila mwanya? Vinashikana kwa kulia "tap", au vimelala tu vikingoja mtikisiko? Nyayo zinapinda pembeni ili isimame miguu imepanuka? Kuna kipande cha kung'oa na kukiweka pembeni wakati wa kugeuza? Wengine hawajali hilo. Mimi naliona ni kukwepa mtihani, maana sharti la mchezo huu ni mwili mmoja, maumbo mawili.

Kosa la kiwandani nalo lipo hata kwenye bidhaa rasmi. Roboti yenye mikono miwili ya kushoto si hadithi. Paja limefungwa kinyume, pini haikuzama, rangi ya jicho moja imepotoka. Igeuze mara ya kwanza polepole ukifuata karatasi, na pakigoma, simama uangalie kuna klipu gani hujaifungua. Plastiki mpya haivunjiki kwa kugeuzwa, huvunjika kwa kulazimishwa.

Kwa muda Hasbro waliondoa plastiki kwenye vifungashio vyao, wakaacha maboksi yasiyo na dirisha na mengine yakiwa wazi mbele. Nia ilikuwa njema kwa mazingira, ila iliwapa wajanja nafasi: ananunua mpya, anaweka kuukuu ndani, anarudisha dukani. Boksi la enzi hiyo, hata likionekana zima, lazima lichunguliwe.

Bei inayoombwa na bei iliyolipwa

Mkanganyiko mkubwa wa bei hutoka hapa, na ni rahisi kuutegua. Mtu yeyote anaweza kuweka roboti mtandaoni na kuandika dola 5,000. Hiyo ni ndoto yake. Kwenye eBay kuna kichujio cha kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa pekee, pamoja na bei iliyolipwa. Weka hapo jina, mwaka na hali, na utaona roboti iliyoombewa maelfu ikiuzwa kwa mamia, tena ya kwako isiyo na ngumi ikiuzwa kwa makumi. Optimus Prime wa 1984 ambaye boksi lake halijawahi kufunguliwa huvuka dola 1,000 bila shida. Yule yule akiwa amechezewa na kukosa vipande ni mdoli wa kawaida wenye historia nzuri.

Wala ughali wa kwanza hauahidi faida. Mwaka 2019 Hasbro walitangaza Unicron, roboti inayogeuka sayari, yenye urefu wa karibu sentimita 69, kwa dola 575. Isingetengenezwa kama watu 8,000 wasingeiagiza kabla. Walipatikana. Kila mmoja wao alijua anachokinunua, lakini anayenunua leo akitarajia kitapanda tu kwa kuwa ni kikubwa anapaswa kukumbuka kwamba maelfu mengine yametunzwa vizuri, na wenyewe nao wanasubiri bei ipande.

Kabla ya kutuma hela nje, omba picha nne: mbele, nyuma, maandishi yaliyochongwa, na vipande vyote vimepangwa kando ya rula. Omba na video fupi ya kugeuza. Muuzaji mkweli huzituma siku hiyo hiyo. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, kisha ndiyo uulize kama bado ni nafuu.

Na kama unayemtaka ni Megatron wa 1984, kuna jambo jingine. Umbo lake la pili ni bastola ya Walther P38, na anafanana nayo hasa. Marekani yenyewe, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hutaka silaha za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya chungwa mdomoni, na Megatron wa awali hana. Uliza forodha kwa maandishi kabla hajatumwa, na mwombe muuzaji amfunge akiwa katika umbo la roboti, jina la mdoli likiandikwa wazi kwenye fomu ya mzigo. Kwenye mashine ya ukaguzi, bastola ya plastiki yenye chuma ndani huonekana kama bastola, na maelezo kwamba inageuka mtu hupokelewa baada ya mzigo kuzuiwa.